Lugha Iliyozaliwa Dirisha Namba Nne

Palikuwa na nchi, wala haikuwa mbali. Ukitoka asubuhi utafika, ila ofisi zake utazikuta zimefungwa. Jina lake silitaji, maana lilipelekwa kwenye kamati kurekebishwa na mpaka naandika haya halijarudi. Mimi, Bibi Sikitu, nilikuwa raia wake. Darasa langu ni la tatu, kwa hiyo nitasema yale tu niliyoyaona kwa macho na kuyasikia kwa masikio. Kazi ya kuelewa niliwaachia wakubwa.

Shida ilianza Mtukufu Rais aliporudi safari. Alikuwa amekwenda kwenye mkutano wa marais, na huko kila aliyesimama alisalimu kwa lugha ya kwao. Zamu yake ilipofika, Mtukufu akasalimu kwa lugha ya jirani wa mashariki. Jirani wa mashariki, aliyekaa mstari wa pili, akamsahihisha matamshi. Wenzao wakacheka kidogo, si sana, kama wanavyocheka watu wenye adabu. Siku ile Mtukufu hakugusa chakula.

Na kweli, sisi hatukuwa na lugha yetu. Sokoni tulisema ya mashariki, kwenye ibada tukasema za mbali zaidi, na kugombana tuligombana kwa ile ya kusini kwa sababu ina matusi mazuri. Tulielewana vizuri sana, ndiyo maana hatukujua kwamba tuna tatizo.

Mtukufu akatoa amri itafutwe lugha ya mababu. Isitungwe, alisema, ipatikane ile ile yenyewe. Waziri wa Asili akaagiza watu wachimbe. Wakachimba mahali patatu, wakapata chungu, mfuniko usiokuwa wa chungu kile, na bomba la maji la wilaya, ambalo walilipasua. Lugha hawakuiona.

Hapo ndipo alipojitokeza Profesa Kiriro. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza. Akamwambia Mtukufu kwamba lugha haimo ardhini, imo damuni. Mchukue mtoto mchanga, akasema, mweke mahali asipopata kusikia neno lolote la binadamu, naye siku atakapofungua kinywa atasema kile walichosema mababu, maana kingine hana. Mtukufu alipenda sana. Mawaziri walipomwona amependa, wakagundua kwamba na wao wamependa tangu mwanzo.

Kazi ikawa kupata mahali pa kimya. Walijaribu msitu wa serikali, wakakuta wachoma mkaa, na wale wanaongea kutwa. Walijaribu gereza, kumbe mazungumzo matamu yote ya nchi yamefungiwa humo. Walijaribu makaburini, lakini waliokwenda kuzika walikuwa wanagombea mirathi. Mwishowe mshauri mmoja wa zamani, ambaye hakuwahi kushauri kitu, akanyanyua kidole.

"Mtukufu," akasema, "iko sehemu ambayo mwananchi hukaa tangu asubuhi mpaka jioni na asiambiwe neno."

Ilikuwa Ofisi ya Uandikishaji ya wilaya yetu, dirisha namba nne.

Sasa, mimi hayo nilikuwa sijui. Nilikuwa na mjukuu wa siku arobaini na moja, mtoto wa binti yangu Havintishi. Tulimwita Semeni, jina la mama yangu mzazi. Binti yangu alikuwa bado hajapata nguvu sawasawa, nikamwambia apumzike, mimi nitampeleka mtoto kuandikishwa tupate cheti chake cha kuzaliwa. Nikamfunga mbeleko, nikaenda, nikafika dirisha namba nne nikitabasamu.

Sijawahi kupokewa vile kwenye ofisi ya serikali. Walitoka wote. Profesa alimfunua mtoto akamtazama mdomoni kama anayenunua ng'ombe, akasema huyu anafaa, bado hajasema kitu. Nikapewa fomu nitie dole gumba. Nilisema ninajua kuandika, wakasema dole gumba ni haraka zaidi. Hivyo nilikwenda kuandikisha mtoto nikaandikishwa na mimi. Nikawa Mlezi wa Taifa Asiyesema, na sababu ya kuteuliwa ilikuwa kwamba ndiye niliyekuwa nimemshika.

Walimtolea droo kubwa ya chini ya kabati la mafaili, wakatandika godoro, akalazwa humo. Jina lake wakalifuta, kwa kuwa lilikuwa neno la lugha ya watu, wakampa namba ya jalada. Mimi nikafungwa kitambaa cha buluu mdomoni chenye nembo ya taifa. Sheria nikasomewa, nayo ilikuwa fupi. Mtoto atakaa hapo mpaka lugha itakapokamilika. Humo ofisini asiseme mtu yeyote, hata wa kwenye benchi. Mlezi akitamka neno hata moja mbele ya mtoto, mtoto atahamishiwa makao makuu, kwa mlezi mwingine asiyemjua.

Wajukuu zangu mnaosoma, hilo ndilo lililonifunga mdomo. Kitambaa kilikuwa cha mapambo tu.

Havintishi alikuja mbio na maziwa yakimtoka. Wakubwa walikaa kikao, wakaona kwamba maziwa hayana lugha, wakamruhusu anyonyeshe mara tatu kwa siku kupitia dirisha namba nne, bila kusema, na kwa kupanga foleni kama wananchi wengine. Basi binti yangu alikuwa anachukua namba, anakaa kwenye benchi, anangoja. Namba yake ikiitwa kwa kuonyeshwa kibao, namtoa mtoto dirishani, ananyonya, namrudisha. Watu wa nyuma yake, wakishatoka nje, walisema hawajapata kuona mtu aliyepata huduma kamili dirisha lile.

Karani wa pale alikuwa Bwana Mbaruku. Naye aliapishwa asiseme, ila kwake haukuwa mzigo. Tangu zamani maneno yake yote ya kazi yalikuwa mawili, na sasa aliyaandika kwenye kadi akaitundika kwa uzi dirishani: NJOO KESHO. Baada ya hapo alikaa na muhuri mkononi, na mara nyingi macho yake yalikuwa yamefumbwa. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Kila nilipombeba mtoto kwa muda mrefu alinisogezea kiti chake, akasinzia wima.

Mkuu wake alikuwa Bwana Lugendo. Huyo hakuingia chumbani kwetu hata siku moja. Alisimamia kazi kwa kukohoa. Alipita koridoni mara moja au mbili kwa siku, akifika karibu na mlango anafanya hivi: ehe, ehem, kho. Mbaruku akisikia ile kho tu, alizinduka akagonga muhuri kila kilichokuwa mbele yake, pa, pa, pa, bila kutazama. Hizo ndizo karatasi pekee zilizowahi kupita dirisha namba nne. Wenyeji walilijua hilo, wakawa wanalenga saa ya kikohozi. Siku moja aligonga chapati ya mama mmoja aliyekuwa ameiweka kaunta huku akitafuta namba yake. Mama yule aliondoka nayo kwa heshima, na huko nje akasema angalau amepata kitu.

Nawaeleza haya ili muelewe mjukuu wangu alikuwa anasikia nini. Alisikia muhuri ukisema pa. Alisikia droo ya juu ikisema kriii, maana ilihitaji mafuta na ombi la mafuta lilikuwa ndani ya droo hiyo hiyo. Alisikia feni ikisema ngwe, ngwe, ngwe. Alisikia watu wa kwenye benchi wakishusha pumzi, hhee, na wengine wakisonya, nyoo. Na alikisikia kikohozi cha Bwana Lugendo. Huo ndio ulikuwa ulimwengu wake mzima. Akipiga kelele mimi nilimkanda mgongo, nikamvumia kwa pua, maana walikuwa wameapisha mdomo na pua waliisahau.

Alipofika miezi kumi na moja, Semeni alikaa kwenye droo yake, akanyanyua mkono, akaushusha, akasema, "Pa."

Profesa alilia. Nilimwona kwa macho yangu, akilia na kuandika, na miwani zote mbili zimelowa. Gazeti la serikali likatoa toleo maalumu lenye neno moja. Ikaelezwa kwamba pa ndiyo sauti ya shoka la babu wa kwanza alipoufyeka msitu na kuianzisha nchi. Nikaomba kipande cha karatasi, nikaandika kwa herufi zangu za darasa la tatu: NI MUHURI. Profesa akaisoma kwa upole, akanipigapiga begani, akaitunza kwenye jalada la Maoni ya Wasio na Ujuzi.

Baada ya hapo zilikuja mfululizo. Kriii ikatangazwa kuwa ndilo neno la mlango, nyumba na uraia. Ngwe, ngwe ikawa ndiyo namna ya kuhesabu. Hhee waliibishania juma zima mpaka wakakubaliana kwamba ndiyo wakati ujao: ukitaka kuahidi kitu, unashusha pumzi kwanza. Nyoo iliwapa taabu, kwa kuwa kusonya kwetu ni utovu wa adabu. Profesa akathibitisha kwa ushahidi kwamba mababu walisonya kwa heshima, na ndiyo namna sahihi ya kumsalimu mkubwa. Juma lile mawaziri walikuwa wakiingia ikulu mmoja mmoja na kumsonya Mtukufu, naye anawasonya. Watu wengine walisema hawajawahi kuona serikali ikizungumza kwa ukweli kiasi kile, lakini hao walisema kwa lugha za jirani.

Redioni taarifa ya habari ikaanza kusomwa na watu watatu: mmoja wa muhuri, mmoja wa droo, na mmoja wa kushusha pumzi. Walimu wakagawiwa droo. Sokoni wauza mchicha walijifunza kwa bidii, wakaulizana bei kwa feni. Sisi ni watu watiifu. Tukiambiwa jambo ni la asili, hatuna haja ya kulikumbuka.

Mimi nilikuwa nahesabu jambo langu. Sheria ilisema mtoto arudi kwao lugha ikikamilika, lakini kila alipotoa sauti mpya wakubwa walifurahi wakaongeza miezi sita, wakisema kisima bado kina maji. Semeni akafika miaka miwili. Akaachishwa ziwa, na binti yangu akawa hana tena sababu ya kuja. Akaja vile vile. Alichukua namba, akakaa kwenye benchi kama mtu mwenye shida yake, na hakuna aliyemshangaa, maana pale kila mtu alikuwa hivyo.

Siku moja Semeni alitoka kwenye droo akatembea mpaka kwenye benchi. Alisimama mbele ya mama yake akamtazama usoni kwa muda. Havintishi alijiuma mdomo. Mtoto naye akashusha pumzi, hhee, kama alivyowaona wote wanaokaa pale wakifanya, kisha akapita kwa mtu wa pili, hhee, na wa tatu, hhee. Hakumtofautisha. Binti yangu aliinuka akatoka nje, na namba yake aliisahau kwenye benchi. Mimi nilimkunja mtoto mapajani nikajiambia kwamba huyu akikaa hapa mwaka mwingine, atarudi kwetu akitafuta foleni.

Ikaja Siku ya Lugha. Mtukufu alifika mwenyewe uwanja wa ofisi, akahutubia dakika arobaini bila neno hata moja la kigeni. Aligonga, alivuta droo, alisonya kwa heshima pande zote nne. Hotuba ilipendeza, na waliokaa karibu walisema sehemu ya droo ilikuwa na uzito. Kisha akaletwa Semeni, aliyevishwa gauni la rangi za bendera, ili atamke sentensi ya kwanza kamili. Mtoto alitazama umati, akatazama Mtukufu, akatazama jua. Akashusha pumzi, akasonya, akakaa chini.

Mtoto alipoondolewa, Profesa akatafsiri: "Nina furaha kubwa kuishi katika zama hizi."

Vigelegele vilipigwa. Mtukufu akatangaza kwamba lugha imekamilika, na mtoto arudishwe kwa wenyewe baada ya taratibu.

Taratibu zilikuwa fomu moja tu. Ilitakiwa igongwe muhuri pamoja na cheti cha kuzaliwa kile nilichokifuata tangu siku ya kwanza. Na muhuri huo, mmeshajua, ulikuwa dirisha namba nne. Nilitoka upande wa ndani wa dirisha nikazunguka nje, nikapanga foleni, mtoto kiunoni, kitambaa mdomoni. Mbaruku akanionyesha kadi. Nilikwenda kesho, na kesho yake. Kumbukeni tulikuwa tunakaa chumba kimoja. Jioni ananisogezea kiti, asubuhi ananionyesha kadi. Alinionea huruma, nilimwona, lakini kugonga bila kukoholewa lilikuwa jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu aajiriwe. Na Bwana Lugendo tangu sherehe alikuwa amepewa likizo ya kupumzisha koo, kwa kuwa kikohozi chake nacho kilikuwa kimeshaingizwa kwenye kamusi.

Juma la tatu, siku ya Ijumaa, Profesa akaja akiwa na furaha. Alinivuta koridoni akanieleza taratibu, kama anayenipa zawadi, kwamba gari litafika saa nane mchana kumchukua mtoto kwenda makao makuu, kwani bado hawajachunguza lafudhi. Kazi ya miaka minane tu.

"Labda kama fomu imeshagongwa muhuri, Bibi," akasema. "Hapo sheria ni sheria, sina la kufanya."

Ilikuwa saa sita na nusu. Nilizunguka nje. Watu watatu waliokuwa mbele yangu walinipisha bila kuombwa. Nikaweka fomu juu ya kaunta, nikaweka na cheti, nikavinyoosha kwa kiganja. Mbaruku alikuwa amefumba macho, muhuri mkononi, feni inamzungukia. Niligonga kaunta. Akanyanyua kadi bila kufumbua. Niligonga tena, akainyanyua tena. Nilikuwa na maneno ya miaka miwili na nusu kooni, na nikiachia moja tu, lile gari halitasubiri hata saa nane. Saa ya ukutani ikafika saba, ikapita. Havintishi alikuwa kwenye benchi.

Semeni alikuwa kiunoni kwangu. Akamtazama Mbaruku, akazitazama karatasi, akautazama muhuri. Maisha yake yote alikuwa ameviona vitu hivyo vitatu, na alijua kinachovitangulia. Akavuta pumzi, tumbo lake dogo likajaa.

"Ehe," akasema Semeni. "Ehem. Kho."

Pa, pa, pa. Mbaruku aligonga fomu, akagonga cheti, akagonga gazeti, akagonga kifundo cha mkono wake mwenyewe, ndipo akafumbua macho akatafuta mkuu yuko wapi. Hakumwona. Alimwona mtoto.

Kama Semeni alijua alichokifanya ama alicheza tu, mimi siwezi kusema.

Profesa alifika mbio, na Bwana Lugendo akaitwa kutoka likizo. Wakasema muhuri ule ni batili, kwa kuwa hakuna mkubwa aliyekohoa. Walimwagiza Mbaruku aufute. Mbaruku akasimama, akakivuta kiti chake pembeni. Kwa miaka miwili na nusu sikuwa nimeisikia sauti yake, nami nilishangaa kwamba ni nzito na nzuri.

"Mkuu," akasema, "mtoto ameniamuru kwa lugha ya taifa. Mimi ni nani niikatae?"

Walitazamana. Wangesema kile kilikuwa kikohozi tu, ingebidi waseme na mengine yalikuwa nini. Profesa alivua miwani, akavaa ile nyingine, akaivua. Mwishowe alisaini.

Mbaruku alipitisha karatasi dirishani kwa mikono miwili. Halafu alifungua uzi, akashusha ile kadi yake ya NJOO KESHO, akampa Semeni. Alisema yeye haihitaji tena, wataandikiwa nyingine kwa lugha mpya.

Nje uwanjani nilifungua kitambaa. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kumwambia, nimeyapanga kwa mfuatano, na la kwanza lilikuwa jina lake. Nikafungua kinywa, ikatoka hhee. Lugha ilikuwa imeniingia na mimi. Ikabidi nikae chini kwenye mchanga.

Ni mama yake aliyechuchumaa mbele yake akasema, "Semeni."

Mtoto akageuka nyuma kutazama anaitwa nani. Hakukuwa na mtu. Akageuka tena, akamtazama Havintishi mdomoni, pale sauti ilipotoka, akapeleka kidole akapagusa. Mama yake akarudia jina, polepole, na kidole cha mtoto kikiwa bado pale mdomoni. Tulikaa uwanjani mpaka gari lile la makao makuu likaja, likageuza, likaondoka tupu, na Havintishi alikuwa hajachoka kulirudia jina.

Sasa ana miaka saba na hanyamazi. Anaongea na kuku, anaongea na sufuria, anasema lugha zote za jirani, na akikasirika anatumia ya kusini. Ile ya taifa anaisikia redioni, wala haitambui. Mimi huitambua. Droo inapopiga kriii kwenye taarifa ya habari, huwa natamani mtu aitie mafuta.

Profesa Kiriro bado hutujia. Kila kamusi inapotaka kuchapwa upya hukuta maneno mawili matatu hayajulikani maana yake, naye hupanda mpaka kwetu kuuliza. Hubisha hodi kwa adabu. Semeni ndiye anayefungua, humwamkia shikamoo, humwonyesha benchi tuliloweka kivulini ukutani akae. Kisha hunyoosha mkono mlangoni, pale alipoitundika kadi yake kwa uzi ule ule, akaigeuza upande wenye maandishi. Profesa huvaa miwani yake ya kusomea, akaisoma, akashusha pumzi, akaenda zake.

Na kesho yake, saa ya kufungua ofisi, tunamkuta amekaa.